Barua ya Baba na Neno Boi

Mwezi wa Novemba mwaka 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kupata uhuru, baba yangu alirudi nyumbani Magomeni akiwa na bahasha mfukoni mwa kanzu. Mzungu wake alikuwa akifunga mizigo kurudi kwao Uingereza, na kabla ya kuondoka alimwandikia cheti cha sifa, kama ilivyokuwa desturi, ili akaombee kazi kwa mwingine. Baba alikuwa hajui kusoma Kiingereza. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 12, niko darasa la sita, na katika nyumba yetu ndiye niliyehesabiwa kuwa msomi. Nikakalishwa mkekani, taa ya chemli ikasogezwa karibu, mama akaacha kazi zake, na jirani mmoja aliyekuja kuomba chumvi naye akaketi kusikiliza.

Barua ilikuwa fupi, imepigwa kwa taipu. Ilisema kwamba mwenye barua hii amemtumikia mwandishi kwa miaka 9. Kwamba ni mwaminifu, msafi, wala halewi. Kwamba anajua kuandaa meza na kupiga pasi. Na kwamba, kwa jumla, yeye ni boy mwema sana. Neno hilo la mwisho lilinikwama kooni. Mwaka uliotangulia mwalimu wetu alituchorea ubaoni picha mbili, moja ya mtoto mwenye kaptura na nyingine ya mtoto mwenye gauni, akaandika chini yake boy na girl, nasi tukaimba darasa zima: mvulana, msichana. Baba yangu, kwa hesabu zetu za nyumbani, alizaliwa mwaka ule vita vya Wajerumani vilipoanza, yaani 1914. Alikuwa na miaka 47, mvi zimeshaingia ndevuni, na dada zangu wawili amekwisha kuwaoza.

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikatafsiri: "Na kwa jumla, yeye ni mtumishi mwema sana." Baba akaitikia kwa kichwa, akaikunja barua, akairudisha bahashani. Jirani akasema Mzungu huyo alikuwa mtu wa haki. Hakuna aliyejua kwamba nimechezea tafsiri, au ndivyo nilivyodhani.

Zaidi ya miaka 60 imepita tangu usiku ule. Miaka ya karibuni, nikiwa mstaafu mwenye wakati wa kupoteza, nimekuwa nikilifuatilia neno lile nijue limetoka wapi na limepita njia gani hata likafika katika barua ya baba. Niliyoyakuta si yale niliyoyatarajia.

Nilidhani kwamba neno hilo kwa asili lilikuwa na maana safi ya mtoto wa kiume, kisha wakoloni wakalichafua kwa kuwaitia watu wazima. Kumbe sivyo. Katika maandishi ya kale ya Kiingereza, kiasi cha miaka 700 iliyopita, boy alikuwa mtumishi, mtu wa chini, hata mhuni. Maana ya mtoto wa kiume ilikuja kushika nguvu baadaye. Wataalamu wa lugha bado wanabishana juu ya asili yake, na mojawapo ya maelezo yao ni kwamba latokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya mtu aliyefungwa pingu. Maelezo hayo hayajathibitishwa, nami sitayategemea, ingawa nakiri kwamba nilipoyasoma mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Wakati huohuo girl lilikuwa neno la mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. Na mvulana, je, Waingereza wa zamani walimwitaje? Moja ya maneno yao lilikuwa knave. Hilo nalo lina kisa chake: lilianza likiwa na maana ya mvulana, likawa mtumishi wa kiume, mwishowe likawa laghai. Yaani maneno mawili yalipishana njiani kama watu wawili kwenye ngazi. La mtoto likateremka kuwa la mtumishi na mwizi, na la mtumishi likapanda kuwa la mtoto.

Wala si Waingereza peke yao. Warumi walisema puer kwa mtoto wa kiume na kwa mtumwa vilevile, hata kama mtumwa huyo alikuwa mzee. Wagiriki walifanya hivyo kwa neno lao pais. Mfaransa katika mkahawa alizoea kumwita mhudumu garçon, yaani mvulana, hata kama mhudumu ana wajukuu. Waarabu wana ghulamu, neno ambalo sisi tumelipokea kwa maana ya kijana wa kiume tu, lakini kwao limebeba pia maana ya mtumishi na mtumwa. Na katika Kiswahili chenyewe, mtumwa wa kike tulimwita mjakazi, kisha tukampunguza kwa kiambishi cha udogo akawa kijakazi. Mtumwa na mtumishi ni maneno ya ukoo mmoja. Yote yana kutuma ndani yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hali ya utumwa ikaondolewa kisheria huko mwaka 1897, na kwetu Tanganyika sheria ya kuukomesha haikuja mpaka mwaka 1922. Baba yangu alikuwa na miaka 8. Basi msomaji asinidhanie kwamba nawanyoshea kidole wageni huku wenyeji tukiwa tumekaa kitako bila lawama. Kumnyang'anya mtu umri wake ili umtume ni ujanja wa kale, na kila taifa lenye mabwana limeutumia.

Lakini boy lililomfikia baba halikutoka moja kwa moja Uingereza. Lilizungukia Bara Hindi na Uchina. Waingereza walioishi huko waliita watumishi wao boy tangu zamani, na kamusi maarufu ya maneno yao ya Kihindi, inayoitwa Hobson-Jobson, iliyochapishwa mwaka 1886, inalieleza neno hili kwa kirefu. Humo kuna jambo la kushangaza: kusini mwa Bara Hindi kulikuwa na watu wa tabaka la wabeba machela walioitwa boyi au bhoi kwa lugha zao wenyewe. Mzungu aliyeketi ndani ya machela akiita "boy" alidhani anasema Kiingereza. Mbebaji aliyeitika alidhani anaitwa kwa jina la ukoo wake. Wote wawili walikuwa sawa, na hawakuelewana hata kidogo.

Kutoka huko neno lilivuka bahari pamoja na wenziwe. Dobi ni neno la Bara Hindi. Yaya limepitia huko likitokea kwa Wareno. Hata cheti, kile alichopewa baba, ni chiti ya Kihindi. Nyumba ya Mzungu katika Afrika Mashariki ilijengwa kwa maneno yaliyokwisha kutumika kwenye nyumba nyingine za kutawaliwa, kama mtu ahamaye na samani zake.

Tena Waingereza hawakuwa wa kwanza kulitumia Tanganyika. Wajerumani waliotutawala kabla yao walikuwa na lugha yao tele, na bado katika maandishi yao mtumishi wa Kiafrika ni Boy, kwa herufi kubwa kama ilivyo desturi ya majina ya Kijerumani. Wabelgiji waliokuwa Kongo walisema Kifaransa, lakini mtumishi wao alikuwa boy, na vyumba vya uani alimolala wakaviita boyerie, wakilibandika neno la Kiingereza mkia wa Kifaransa. Mwaka 1956 mwandishi wa Kamerun, Ferdinand Oyono, alitoa riwaya ya maisha ya mtumishi wa nyumbani. Aliiandika kwa Kifaransa, na neno hilohilo la Kiingereza likawa kwenye jina la kitabu. Kilipotafsiriwa kwa Kiswahili kikaitwa Boi, wala mfasiri hakuwa na haja ya kutafuta jina jingine. Wazungu waliogombania Afrika kwa bunduki na ramani hawakugombania neno hili. Walikopeshana.

Katika Kiswahili boi akapata nyumba na ndugu. Tukasema boi, maboi, kazi ya uboi. Katika nyumba kubwa ya Uzunguni kulikuwa na mpishi, naye ndiye mkubwa wa wote; kulikuwa na boi wa ndani, mwenye kanzu nyeupe na mkanda, anayeandaa meza na kutandika vitanda; kulikuwa na dobi, na shamba boi wa kukata majani na kumwagilia maua. Chini ya hao wote alikuwapo mtoto hasa, wa miaka 10 au 12, wa kuchochea moto, kuosha masufuria na kumkimbilia mpishi. Huyo sasa, aliyekuwa boy kwa maana ya shuleni, hakuitwa boi. Wazungu wa Kenya walichukua neno letu mtoto, wakalikata kichwa, wakamwita toto. Mwaka 1987 ilitoka filamu ya Harry Hook juu ya mtoto wa namna hiyo katika Kenya ya wakati wa Mau Mau, nayo yaitwa The Kitchen Toto. Hebu tazama mpango huo: mtu mzima akaitwa mvulana kwa Kiingereza, na kwa kuwa neno la mvulana lilikuwa limekwisha kushikwa, mvulana mwenyewe ikabidi aazimiwe neno la Kiswahili.

Na upande wa pili, wakubwa wale walipokutana klabuni jioni waliitana "old boy", yaani boy mzee, kwa mapenzi kabisa. Shule zao za Uingereza waliita wahitimu wake hivyohivyo. Askari wao vitani walikuwa "boys" wa taifa. Neno lilikuwa asali wakilambishana wenyewe kwa wenyewe. Baba alikuwa akizungusha sinia la vinywaji katikati ya maongezi hayo, na aliyasikia yote mawili, "old boy" ikienda kulia na "boy" ikija kwake, katika pumzi moja.

Nilipokuwa mdogo nilimfuata mara chache kule Oysterbay wakati wa likizo. Boi kota ilikuwa nyuma ya nyumba, imefichwa na ua wa michongoma: chumba kimoja, dirisha dogo, choo cha kuchuchumaa, na bomba moja la maji kwa watumishi wote. Baba alilala huko siku sita, Jumapili akaja kwetu. Kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa chumba chake nilihesabu hatua 40. Usiku kengele ikilia alizitembea hatua hizo akifunga mkanda.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenichukua muda mrefu kulielewa. Baba na wenzake hawakuliona boi kuwa tusi. Walilitamka wao wenyewe bila kigugumizi: "Mimi ni boi wa Bwana Fedha," "Mimi boi wa daktari." Kwenye baraza la kahawa boi wa nyumba kubwa alikuwa mtu wa kusikilizwa, alijua nani ahamishwa, nani hana pesa, nani amegombana na mkewe. Ana mshahara wa mwezi, ana viatu. Je, walikuwa wamelewa unyonge wao? La hasha. Ni kwamba katika masikio ya Kiswahili hakukuwa na mtoto ndani ya neno boi. Mtoto ni mtoto, mvulana ni mvulana. Boi ni kazi, kama fundi, kama karani, kama kuli. Neno lilipovuka mpaka wa lugha lilivuliwa tusi lake forodhani. Yule aliyeita alisema jambo moja, na yule aliyeitika alisikia jingine, sawasawa na mbebaji machela wa Bara Hindi.

Waliotufungulia kidonda ni walimu, wala hawakukusudia. Siku ile ubaoni, chini ya picha ya mtoto mwenye kaptura, mamia ya watoto wa maboi katika Afrika Mashariki nzima walifundishwa maana ambayo baba zao walikuwa wameponea kutoijua. Uchungu wa neno hili ulirukia kizazi. Ulimpita baba ukanipata mimi.

Nasema hivyo kwa jumla tu, maana wako waliojua mapema. Katika miaka ya 1940 watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam walikuwa na chama chao, na jina lake la Kiingereza lilitaja wapishi, wafua nguo na watumishi wa nyumba wa Kiafrika. Neno boy halimo. Huenda watu wakasema ni jambo dogo. Mimi sidhani watu waliokaa kuchagua jina la chama chao walilisahau neno walilokuwa wakiitwa mara hamsini kwa siku.

Na wako wengine waliolichukua vivyohivyo na kuliandikia historia. Katika mji wa Elisabethville huko Katanga, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba na ambao tangu 1966 waitwa Lubumbashi, watumishi wa zamani wa nyumbani waliunda chama. Mwaka 1965 mwenzao, André Yav, akawaandikia kitabu kidogo cha historia ya mji ule, kwa Kiswahili cha huko, kilichopigwa taipu na kugawiwa wenyewe kwa wenyewe. Mtaalamu Johannes Fabian alikichapa tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kiswahili chake si cha kamusi, na msomaji wa pwani atajikwaa kila mstari. Lakini mji ule una vitabu vingi vilivyoandikwa na waliokaa barazani, na hiki ni cha waliopita mlango wa jikoni. Tena ni watu waliokijua kila chumba. Laiti baba na wenzake wa Oysterbay wangekuwa na wazo hilo.

Ng'ambo ya bahari, nchini Marekani, neno lilikuwa na mambo mengine, kwa kuwa huko aliyeitwa na aliyeita walisema lugha moja. Hapakuwa na forodha ya kulivua tusi. Mwaka 1967 Alvin Poussaint, daktari wa magonjwa ya akili, alisimulia gazetini jinsi polisi mmoja wa Jackson, Mississippi, alivyomsimamisha barabarani na kumwuliza jina lake huku akimwita boy. Akajibu kwa cheo chake, daktari fulani. Polisi hakuridhika; alitaka jina la kwanza, lile ambalo mtoto huitwa. Daktari akalitoa, na kwa maelezo yake mwenyewe, alilitoa kwa aibu kubwa. Alikuwa mtu mzima, amesoma kuliko mji mzima wa polisi wale.

Mwaka uliofuata, huko Memphis, wafanyakazi wawili wa kuzoa taka walisagwa hadi kufa na mashine ya gari lao, tarehe 1 Februari 1968. Siku kumi na moja baadaye wenzao wapatao 1,300 wakagoma. Mabango waliyobeba yalikuwa na maneno manne tu ya Kiingereza. Nimewahi kuyaona yametafsiriwa "Mimi ni mtu", nayo si tafsiri mbaya, ila haitoshi. Wale wazee hawakuwa wakibishana na mtu aliyewaita wanyama. Walikuwa wakibishana na neno boy. Ningekuwa mfasiri ningeandika "Mimi ni mtu mzima". Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na ni katika mji huo alikouawa tarehe 4 Aprili.

Mtu atasema hayo ni ya kale. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ililiamua neno hili. Wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku huko Alabama walinyimwa vyeo, wakashtaki, na kati ya ushahidi wao ulikuwa kwamba meneja aliwaita boy. Mahakama ya rufani ilisema kwamba neno hilo likiwa peke yake, bila kuongezewa rangi ya mtu, si ushahidi wa ubaguzi. Mahakama Kuu ikasema hapana, si lazima liongezewe kitu. Inategemea mazingira, namna ya kulitamka, sauti, desturi ya mahali na historia ya matumizi yake. Majaji walikaa na neno la herufi tatu kama tulivyokaa sisi mkekani na taa ya chemli.

Huku kwetu limetawanyika na kusahaulika. Utingo wa lori wengine humwita taniboi, na gereji haikosi spana boi. Maofisini alikuwapo ofisi boi, aliyeweza kuwa mzee wa miaka 55 anayepeleka chai na mafaili. Vijana wa leo huitana "boi wangu" kwa maana ya rafiki, kama wale wa klabuni, na bila shaka hawajui kwamba wamerudi mle mle. Boi kota zingine zimegeuzwa kuwa vyumba vya kupangisha wanafunzi, jina lingali lilelile. Hausiboi na hausigeli hayajafa. Tunawaita pia dada, binti wa kazi, beki tatu, na kila jina jipya hukaa siku mbili tatu likiwa na adabu kabla halijaanza kunuka.

Mwenyewe sina mikono safi. Mwaka 1978 nilikuwa ofisa wa serikali, nimepewa nyumba yenye chumba uani, nikaajiri mtu wa kunifulia na kunipikia. Nyakati zile mikutanoni tulikuwa ndugu sote; ukisema bwana watu wanakutazama. Nyumbani nilimwita mtu yule kijana. "Kijana, leta maji." "Kijana, nani amefunga mlango?" Nilikuwa na miaka 29. Siku moja alikuja kuomba ruhusa ya wiki moja aende kwao Dodoma. Nikamwuliza kuna nini. Akasema anamwoza binti yake wa pili. Nilimpa ruhusa na nauli, nikaingia chumbani nikaketi kitandani. Sikuwa nimetumia neno la Kiingereza hata mara moja. Nilikuwa nimelitafsiri, tena vizuri kuliko nilivyofanya mwaka 1961.

Ilinichukua miaka mingine sita kumwambia baba. Alikuwa na miaka 70, amekwisha kustaafu kazi yake ya mwisho ya utarishi katika ofisi moja ya serikali. Nilimweleza habari ya barua, jinsi nilivyobadili neno, na kwa nini. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe unadhani nilikuwa sijui?" alisema. "Miaka tisa nilikuwa mle ndani. Yule bwana alikuwa na watoto wawili wa kiume. Akitaka kuwaita waje kula alikuwa akisemaje?"

Nikanyamaza.

"Akisema boys, wanakuja wale. Akisema boy, naja mimi. Nilikuwa naijua tofauti yake, ni s tu." Kisha akasema, bila kucheka sasa: "Usiku ule nilitaka nione wewe utalisemaje."

Akamtuma mama alete kisanduku cha bati kilichokuwa chini ya kitanda. Ndani yake, pamoja na kadi ya TANU na stakabadhi za kodi, zilikuwamo barua tatu, wala si moja. Ya kwanza ilitoka Tanga, ya mwaka 1934, imeandikwa kwa mkono na meneja wa shamba la mkonge. Ya pili ya mwaka 1947, ya Dar es Salaam. Ya tatu ilikuwa ile yetu. Akaniambia nizisome zote, na mara hii nisiruke kitu.

Nikasoma. Katika ya kwanza alikuwa boy mwenye miaka 20. Katika ya pili, boy wa miaka 33. Katika ya tatu, wa 47. Nililitafsiri mvulana kila lilipotokea, na mama, aliyekuwa akichambua mchele, kila nikifika hapo aliguna. Baba alisikiliza kwa makini kama mtu anayekagua hesabu. Nilipofika mahali ambapo meneja wa mkonge amemsifu kwa kupiga pasi, alininyoshea mkono nisimame kwanza.

"Hapo ameongopa," alisema. "Mwaka ule pasi nilikuwa sijaijua. Nilimwunguzia mashati mawili, akanikata mshahara."